Mkono wa Kurusha, Mkono wa Kulima

Mwaka huu nimeacha kazi, na wenzangu vijana mnaofundisha mazoezi ya mwili huko Masisi na Walikale mmeniomba niandike nilichojifunza. Sitasimulia nilivyopanda cheo, kwa sababu nilipanda mara moja tu na hakuna aliyeona tofauti, hata mimi. Mishahara pia tuiache. Kila mmoja wenu anaijua. Nitaandika juu ya miili niliyoipa kazi, na hasa juu ya bega moja ambalo nililiharibu nikiwa na kitabu mkononi na nia njema kabisa.

Nilianzia Kibua, Walikale, nikiwa na miaka ishirini na mitatu. Sikuwa nimesomea kazi hii. Nilikwenda kuomba nafasi ya kufundisha hesabu, na prefe, yaani mkuu wa shule ya sekondari, akaniangalia mabega kabla ya kuangalia karatasi zangu.

“Hesabu iko na muntu tayari,” alisema. “We utashika gym.”

Vifaa vya gym vilikuwa uwanja wenye mteremko, filimbi iliyopoteza kokwa yake, na mpira mmoja uliolala nyumbani kwa prefe ili usiibwe. Siku ya kwanza nilikimbiza darasa zima nusu saa, saa saba mchana, katika joto la msituni. Wasichana wawili walianguka, mvulana mmoja akatapika. Nilirudi nyumbani nimeridhika, kwa kuwa wote walikuwa wamechoka. Miaka ilipita kabla sijaelewa kwamba kumchosha mtu si ufundi. Hata kilima kinaweza.

Mtu aliyeanza kunifungua macho hakuwa mwalimu. Alikuwa Papa Kubuya, kapita, yaani msimamizi, wa wabebaji mizigo, jirani wa shule. Wakati ule bidhaa nyingi zilizokwenda vijiji vya ndani ya msitu zilibebwa mgongoni, kamba ikipita kwenye paji la uso. Kila asubuhi wanaume thelathini ao zaidi walisimama mbele ya nyumba yake, na mizigo ilikuwa imepangwa chini, mizito upande mmoja, miepesi upande mwingine. Hakumwacha mtu achague. Alimuuliza kila mmoja swali moja tu: jana ulifanya nini?

Nakumbuka kijana mmoja mwenye kifua kipana aliyekuja moja kwa moja kwenye mzigo mzito kuliko yote.

“Jana ulifanya nini?” Papa Kubuya akamuuliza.

“Nilipasua mbao, Papa. Lakini nguvu iko.”

“Nguvu uliiacha kwenye mbao. Kamata ile ya chumvi.”

“Papa! Ile njo ya wazee!”

“Njo maana wazee wanafikaka,” alijibu, na wenzake wote wakacheka.

Baadaye, alipoona nasimama pale kila asubuhi kabla ya kengele, alinieleza. “Prof, muzigo wa leo unaubeba juu ya muzigo wa jana. Ule wa jana hauonekane, lakini iko.” Niliandika neno hilo katika daftari. Nilidhani nimelielewa.

Baada ya miaka tisa nilihamia Karuba, katika vilima vya Masisi. Mtu anayetoka Kibua kwenda Karuba anapanda kutoka joto la msitu hadi baridi ya malisho, na majuma ya kwanza pumzi yangu ilikuwa fupi kuliko ya wanafunzi. Huko Karuba njo nilianza kusoma kwa utaratibu. Nilipata Goma, kwenye meza ya vitabu vikuukuu, kitabu cha Kifaransa juu ya kujenga nguvu za wanamichezo. Nilikisoma miaka mitatu nikiwa na kamusi, nikanakili michoro yake yote kwa kalamu. Kilikuwa kitabu kizuri. Kilikuwa na kasoro moja ambayo sikuiona: mtu aliyekuwa ndani yake anakaa kwenye kiti mchana kutwa, kisha jioni anakwenda kutafuta kitu cha kuinua.

Vyuma sikuwa navyo. Nilitumia bidoni za mafuta zilizojazwa maji mpaka mstari niliochora kwa rangi, magogo ya mkaratusi yaliyokatwa kwa urefu mbalimbali, vifuko vya mawe madogo, na kauchu, ile mikanda inayokatwa kutoka mpira wa ndani wa gurudumu. Msiidharau kauchu. Funga moja kwenye mti, shika ncha, vuta polepole kuelekea ubavuni, rudisha polepole zaidi. Inafundisha bega mambo ambayo chuma hakiwezi, na inapatikana kwa kila fundi wa pikipiki. Kosa la vijana ni kuiachia irudi yenyewe kwa kishindo. Kazi nzuri iko kwenye kurudi.

Kuna miaka ambayo uwanja wetu ulijaa vibanda vya watu waliokimbia vita, na mazoezi yakasimama. Juu ya miaka hiyo sina mbinu ya kuwapa. Watu waliondoka na mizigo kichwani na wakarudi wamechoka kwa namna ambayo kitabu changu hakikuwa na ukurasa wake.

Besiboli ilifika Karuba kupitia Janvier, mwalimu wetu wa Kiingereza, aliyerudi kutoka masomo Kampala akiwa na gunia la glavu, mipira sita na gongo moja. Kwa asiyeujua mchezo: mmoja anarusha, wa timu nyingine anajaribu kuupiga mpira kwa gongo na kukimbia kuzunguka vituo vinne ili apate pointi. Mrushaji njo moyo wa timu. Akichoka, timu yote imechoka. Seremala alituchongea magongo mengine, tukapata wachezaji kumi na wanne, wanaume tisa na wanawake watano, kwa sababu Janvier hakupata wanaume kumi na wanne waliokubali kuvaa glavu. Yeye alifundisha mchezo. Mimi nilipewa miili.

Mrushaji wetu alikuwa Furaha. Alikuwa na miaka ishirini na mmoja, amemaliza sekondari, anaishi na mama yake mjane na wadogo wanne. Alijifunza kulenga kwa kufukuza mbuzi wa jirani kutoka shamba la viazi, na alipiga mbuzi aliyemtaka, si yule wa karibu. Mara ya kwanza aliporusha mpira, Safari, mdakaji wetu, alivua glavu akaangalia kiganja chake.

“Dada, mi nilikukosea nini?” alimuuliza.

Nilifanya kazi na Furaha kama fundi aliyepewa mbao nzuri. Nguvu ya kurusha haianzii begani. Inaanzia kisigino cha nyuma, inasukuma ardhi, nyonga zinageuka, kifua kinafuata, na mkono unakuja mwisho kama ncha ya fimbo ya mchunga ng'ombe. Kwa hiyo tulijenga miguu na kiuno kwanza: kupanda kilima na gogo, kuchuchumaa na bidoni, kurusha kifuko cha mawe kwa kugeuka. Kisha bega. Watu hawaoni kwamba mpira ukishaondoka mkono bado unakwenda, na misuli ya nyuma ya bega njo inayofunga breki. Bega huumizwa na kusimamisha kuliko kurusha. Nilijua hayo yote. Nilihesabu kila mpira aliorusha, sitini kwa siku ya mazoezi, siku tatu kwa juma, na kila juma niliongeza uzito kidogo kama kitabu kilivyosema.

Na nilifuata pia shule ya Papa Kubuya. Kabla ya mazoezi niliwauliza wachezaji walichofanya jana. Safari alikuwa akisukuma chukudu, ile baiskeli ya mbao isiyo na pedali, ikiwa imejaa magunia ya viazi. Siku hizo nilimpunguzia. Mwingine alichoma makala, yaani mkaa, mwingine alipasua mbao. Niliyaandika yote. Daftari hilo bado ninalo. Lina majina tisa ya wanaume, na mbele ya kila jina kazi ya jana. Majina ya wanawake watano yako ukurasa unaofuata, na mbele yao mna idadi ya mipira tu. Sikuwauliza. Sikuona cha kuuliza. Kwangu walikuwa watu waliotoka nyumbani.

Septemba mvua ilianza. Mipira ya Furaha ilianza kuja chini, na mkono wake ulichelewa nyuma ya kifua. Katika daftari, siku ya Jumanne ya juma la pili, niliandika neno “uvivu” na alama ya kuuliza. Ninawaambia hilo kwa sababu ningependa kulifuta, na nimeona ni afadhali mlisome.

Alhamisi mpira wake ulianguka katikati ya njia. Alishika kiwiko, akainama. Nilipomwomba ainue mkono, ulifika usawa wa bega ukakataa.

“Unauma tangu lini?”

“Tangu juma iliyopita, Prof.”

“Juu ya nini hukusema?”

“Niliona kila muntu anachoka.”

Hapo, kwa mara ya kwanza, nikamuuliza alichofanya jana. Aliniangalia kama mtu aliyeulizwa kama jana alipumua.

“Nililima. Na juzi, na siku zote. Mvua imeanza, kila mwanamuke iko ku shamba.”

“Kabla ya kuja hapa?”

“Tangu saa kumi na mbili mpaka saa nane. Kisha nanawa miguu, nakuya.”

“Hukuniambia hata siku moja, Furaha.”

“Hukuniuliza, Prof,” alisema bila hasira. “Unaulizaka Safari na benzake.”

Kwetu, kama mnavyojua, mwanaume anafyeka na kufungua udongo mpya. Kulima kwa kupanda maharagi na kupalilia ni kwa wanawake, na kazi hiyo hufanyika kila siku mbele ya macho ya kila mtu, hivyo haionekani. Mke wangu alikuwa akilima miaka yote niliyokuwa nikisoma kitabu kile. Aliniletea chai nikiwa nasoma, mikono yake ikiwa bado na udongo.

Muuguzi wa kituo cha afya alilibonyeza bega pande zote. Hakukuwa na mashine ya kuona ndani. Alisema mkono upumzike, usilime wala kurusha, na baada ya hapo tutaona. Jumapili baada ya ibada Mama Furaha alikuja nyumbani kwangu. Alikuwa amebeba jembe, na alilisimamisha kwenye mlango wangu taratibu, kama mtu anayemwonyesha mgeni kiti.

“Prof, nimekuletea mufanyakazi,” alisema. “Hii jembe njo ya Furaha. Sasa iko bila muntu. Nimesikia we njo unajua mambo ya mikono. Niambie, nani atalima nayo?”

“Mama, nimekosa.”

“Kukosa nimeona. Mi nauliza juu ya jembe.”

Mke wangu alikuwa ndani. Hakutoka kunisaidia.

Nikamweleza Mama Furaha ukweli: kwamba mkono unaweza kupona wote, ao kupona nusu, na kwamba sikujua. Shamba lao lilikuwa mteremko mmoja, na shamba hilo njo lililolisha watu sita. Yeye mwenyewe alikuwa na mgongo mbaya. Furaha alilima sehemu mbili kati ya tatu.

“Kama haujue,” alisema mwishowe, “ulikuwa unaandika nini kila siku mu ile kaye, ile daftari yako?”

Akageuka kuondoka. Aliliacha jembe pale mlangoni.

Jumamosi nilifuta mazoezi na nikaita timu nzima kwa salongo, kazi ya pamoja, katika shamba la Mama Furaha. Wanawake wanne walikuja na majembe yao bila neno. Wanaume walikuja na maneno.

“Prof, mi niko mudakaji,” Safari alisema. “Siko muke wa muntu.”

“Kamata jembe, Safari.”

“Nakamata. Lakini muntu akipita barabarani, museme hii ni mazoezi.”

Mama Furaha alisimama kando ya mistari, mkono kiunoni. Baada ya muda akapaza sauti. “Safari, hiyo unalima ao unakwaruza udongo? Kuku yangu iko inakushinda!”

“Mama, kuku yako iko na miaka ngapi mu kazi?”

Furaha alikuwa amekaa juu ya jiwe, mkono umefungwa kwa kitenge, na alicheka mpaka akalazimika kushika bega.

Mimi nililima pia, kwa jembe lililoachwa mlangoni kwangu. Baada ya mistari miwili nilianza kufanya kile ninachojua, yaani kuhesabu. Jembe linapandishwa, linaangushwa, kisha linavutwa, na anayevuta ni nyuma ya bega, misuli ile ile ya breki. Nilihesabu mara ishirini kwa dakika. Ondoa vituo vya kunywa maji na kunyoosha mgongo. Kwa asubuhi moja mkono wa Furaha ulikuwa umevuta mara elfu sita na zaidi kabla haujafika kwangu. Mimi nilikuwa nikilinda mipira sitini kwa kalamu nyekundu. Nilikaa chini kwenye mfereji na sikuweza kuendelea kwa muda, na sababu haikuwa uchovu peke yake.

Jumatatu Safari alikuja uwanjani akitembea kama mbao. “Prof, leo nasalimia na mukono wa kushoto. Ule mwingine ulibakia kwa Mama Furaha.” Tulirudi Jumamosi ya pili, tukamaliza. Maharagi yalipandwa kwa kuchelewa siku kumi, lakini yalipandwa.

Kuponya bega kulichukua miezi minne, na nilitumia yote niliyoyajua. Majuma matatu ya kwanza mkono ulining'inia tu na kuyumba, kama kamba ya ndoo. Kisha kauchu nyembamba kuliko zote, kiwiko kikiwa kimebana taulo ubavuni. Kisha kusukuma ukuta. Miguu haikupumzika; Furaha alipanda vilima mpaka wadogo zake wakachoka kumsindikiza. Nilipotaka kumpa mpira, mama yake alikataa.

“Mupira hautulishe,” alisema. “Aanze na jembe. Jembe ikikubali, njo atakuya kwenu.”

Kitabu changu kisingekubali mpango huo. Mimi nilikubali, kwa kuwa kitabu hakikuwa na watu sita wa kulisha. Tulianza na dakika tano za jembe dogo kwenye udongo uliokwisha kulainishwa, na tukaongeza polepole. Daftari jipya lilikuwa na ukurasa mmoja kwa wote kumi na wanne, na mistari ya shamba iliandikwa mbele ya mipira. Anayelima asubuhi alirusha nusu, ao hakurusha kabisa. Majira ya kupanda tulifanya mazoezi mepesi; uzito tuliujenga wakati wa kiangazi. Vijana wenzangu, mkichukua jambo moja tu kwangu, chukueni ratiba hiyo. Msiitoe kwenye kitabu. Itoeni kwenye mvua.

Furaha alijaribu kunidanganya mara nyingi, maana alitamani kurusha. Mama yake alimsema bila huruma. Aliweza kupita uwanjani na kuni kichwani na kupaza sauti: “Prof, huyu alilima mistari kumi leo! Asikuambie ine!” Na Furaha, aliyekuwa ameniambia minne, alijifunika uso kwa glavu.

Machi, wakati wa kupanda mara ya pili, tulialikwa Kibua. Binamu wa Janvier alikuwa ameanzisha timu huko, na timu itakayoshinda ilikuwa na nafasi ya kucheza Goma. Nusu ya wachezaji wetu hawakuwa wamewahi kuona uwanja wa mji. Juma lile Furaha alikuwa amelima siku nne mfululizo. Tulikubaliana watu wanne, yeye, mama yake, Janvier na mimi, kwamba atarusha mipira arobaini, kisha Safari atarusha mahali pake. Lori lilipokuwa linaondoka, Mama Furaha alishika ubao wa pembeni.

“Makumi ine, Prof,” alisema. “Si makumi ine na moja.”

Tulisafiri siku mbili kwa sababu ya matope. Papa Kubuya alikuwa amefariki miaka kadhaa kabla, na nyumba yake ilikuwa imekuwa duka la sabuni. Joto lilitupokea vibaya. Watu wa Karuba wanajivunia pumzi zao mlimani, lakini Kibua jasho lilitumaliza kabla ya kuanza. Nilikuwa nimewanywesha maji ya chumvi na sukari tangu asubuhi, na bado walikuwa wazito.

Furaha alirusha vizuri kuliko siku yoyote niliyomwona. Mguu, nyonga, kifua, mkono, kila kitu kwa zamu yake. Zamu ya mwisho ilipofika tulikuwa mbele kwa pointi moja. Alibaki mpigaji mmoja tu wa kutolewa ili mechi iishe, lakini wakimbiaji wao wawili walikuwa tayari vituoni. Furaha akarusha, na mpigaji akakosa, mara ya kwanza kati ya tatu zinazomtoa. Nikaweka alama katika daftari. Ilikuwa ya arobaini.

Nikaingia uwanjani. Janvier alinikimbilia.

“Prof, hapana. Mipira mbili tu! Mbili!”

“Ni arobaini.”

“Nani anahesabu hapa?”

“Mimi.”

Watu wa Kibua walikuwa wamesimama wote. “Muache dada arushe!” mmoja alipiga kelele. “Ao atume ule muzee wa kaye!” Kicheko kikazunguka uwanja.

Furaha hakusogea mahali pake. Jasho lilikuwa linadondoka kwenye kidevu. “Prof, nakuapia, haiume. Hata kidogo. Niache.”

Nataka mwelewe jambo hili vizuri: nilimwamini. Bega lile halikuwa likimuuma. Lakini Septemba pia halikuuma mpaka siku lilipouma, na mimi nilikuwa nimeandika neno lile, “uvivu”.

“Toka, Furaha,” nilisema.

Alivua glavu. Hakumpa Janvier wala Safari. Aliiweka mikononi mwangu, akaenda kukaa nyuma ya lori.

Safari alirusha mipira minne. Wa nne ulipigwa juu ya vichwa vyetu mpaka kwenye migomba, na wakimbiaji wote wawili wakafika. Tulipoteza kwa pointi moja.

Kurudi kulikuwa siku mbili pia, na kulionekana kama nne. Janvier alikaa mbele na dereva. Safari, ambaye hajawahi kunyamaza hata akiwa na homa, alilala ao alijifanya kulala. Furaha alikaa mgongo ukiwa upande wangu. Hakuna aliyenitukana, ingekuwa rahisi zaidi kama wangenitukana. Nilikuwa na muda wa kufikiri. Pengine angerusha miwili mingine bila kuumia, na tungekwenda Goma. Pengine ule wa arobaini na moja njo ungekuwa wa mwisho katika maisha yake. Sina njia ya kujua, na ninyi pia hamtakuwa nayo. Jeraha ulilolizuia hakuna atakayekuonyesha. Watakuonyesha mechi uliyopoteza.

Tulifika Jumapili jioni, na mvua ikanyesha usiku kucha. Jumatatu nilikuwa na darasa saa mbili, lakini nilitoka mapema na kupita njia ndefu, ile inayokata chini ya shamba lao. Nilijiambia kwamba nakwenda kuona kama udongo umeshuka. Ukungu ulikuwa bado kwenye bonde. Niliwaona kabla hawajaniona: Mama Furaha chini akidondosha mbegu, amejipinda kwa ajili ya mgongo wake, na Furaha juu yake akifungua udongo. Alilima kwa mkono wa kuume mbele. Mistari saba ilikuwa imekwisha, myeusi na wazi, na jua halijapita mlima.

Mama yake aliniona kwanza. Alisema kitu kwa sauti ya chini ambacho sikusikia.

Furaha alifika mwisho wa mstari wa nane, akanyoosha mgongo, akageuka. Tulikuwa mbali kiasi cha kurusha mpira. Hakunisalimu. Alihamishia jembe mkono wa kushoto. Kisha akainua ule wa kuume, polepole, ukapita bega, ukapita sikio, mpaka ukasimama wima juu ya kichwa chake, vidole vimefunguka. Akaushikilia pale muda mrefu, ili nione vizuri. Halafu akaushusha, akashika jembe kwa mikono miwili, akaanza mstari wa tisa.